Dawa inayowashwa na asidi

Msomaji mmoja wa Katuba anauliza. Kila akila bukari na sombe yenye pilipili usiku, kiungulia kinampanda mpaka kooni. Kwenye farmasi amepewa vidonge vya kutafuna, Smecta na omeprazoli. Ipi ina nguvu kuliko zote?

Smecta haimhusu sana. Ni udongo uliosafishwa, unatanda kwenye ukuta wa utumbo, na hutumika zaidi kwa kuhara. Waliozoea kutafuna pemba hawatashangaa kuona udongo unauzwa farmasi.

Hizo nyingine mbili zinapambana na asidi, na mtu wa Lubumbashi hahitaji kuelezwa asidi ni kitu gani: tunapishana na malori yake yakienda migodini, ambako inayeyusha shaba iliyomo kwenye mawe. Basi chukulia tumbo ni kiwanda cha asidi. Kidonge cha kutafuna chenye kalsiamu kabonati ni chokaa inayotupwa juu ya asidi iliyokwisha kuvuja. Kabonati hiyo hiyo ndiyo iliyojaa kwenye mawe ya Kakontwe, Likasi. Moto unapoa baada ya dakika chache, lakini mitambo inaendelea kunguruma. Dawa nyingine ya asidi, simetidini, iliyoingia sokoni Uingereza mwaka 1976, pamoja na ndugu yake famotidini, humzuia langoni histamini, mjumbe anayeleta amri ya kuzalisha. Kumbe kiwanda kina wajumbe wengine. Omeprazoli, ya Waswidi wa mwaka 1988, haihangaiki na wajumbe. Inaifuata pampu yenyewe inayomwaga asidi.

Na namna inavyoifuata ndiyo raha yenyewe. Ndani ya kapsuli mna punje zilizopakwa ganda, kwa sababu asidi ya tumbo ingeiharibu dawa kabla haijafika popote. Punje zinavuka tumbo salama, zinayeyuka kwenye utumbo mwembamba, dawa inaingia kwenye damu, kisha inarudi tumboni kwa mlango wa nyuma. Mpaka hapo haina makali: ni dawa bwete, nami nalipenda jina hilo, asiyelitaka alete lake. Sasa, pampu iliyo kazini inamwaga asidi kali kuliko damu zaidi ya mara milioni moja. Dawa ikipenya humo inabeba chaji, haiwezi kutoka tena, inarundikana, na asidi ile ile inaibadilisha umbo. Salfa yake inashikana na salfa ya pampu, na pampu hiyo haifanyi kazi tena. Kiwanda kimefungwa kwa asidi yake chenyewe! Nusu ya dawa hutoweka kwenye damu kila saa moja hivi, lakini asidi hubaki chini siku nzima, maana mwili lazima uunde pampu mpya.

Pampu iliyolala haina asidi, kwa hiyo haiguswi. Kinachoziamsha ni chakula. Ndiyo maana kapsuli humezwa nusu saa hivi kabla ya kula, bila kutafunwa, na dozi moja haizipati pampu zote. Hesabu siku 3 hadi 5 mpaka nguvu yake ikamilike. Anayetapika damu au kupata choo cheusi aende hospitali, na vidonda vya tumbo vinavyoletwa na bakteria Helicobacter pylori vinataka antibiotiki pia.

Kwa hiyo omeprazoli ndiyo yenye nguvu, ila ukiimeza saa nne usiku, bukari imeshashuka na koo linaungua, umechelewa. Kwa moto wa saa hiyo, tafuna chokaa.