Herufi Kubwa katika Vichwa vya Kiingereza: Mifano kutoka Umatengo na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Anayeandika kwa Kiingereza kuhusu Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa hukutana na kanuni mbili za vichwa ambazo mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza hukuza herufi ya mwanzo ya kila neno kuu. Ya pili hukuza neno la kwanza, neno linalofuata nukta mbili, na nomino za pekee tu. Mtindo wa APA, toleo la 7, hutumia zote: ya kwanza ndani ya matini na kwa majina ya majarida, ya pili kwa vichwa vya vitabu na makala katika marejeleo.

Kichwa kifuatacho kimebuniwa kwa ajili ya mfano: “The Ngolo Pits of the Matengo Highlands Between Mbinga and Lake Nyasa”. Ndivyo APA ingekiandika ndani ya matini, kwa kuwa hukuza kila neno lenye herufi nne au zaidi. MLA ingeandika “between”, kwani hupunguza vihusishi vyote bila kujali urefu. Katika marejeleo ya APA kitasomeka: “The ngolo pits of the Matengo Highlands between Mbinga and Lake Nyasa”.

Ugumu umo katika hatua hiyo ya mwisho, ambayo si ya kuhesabu herufi bali ya kuchambua nomino. Ngolo, mashimo ya kilimo cha Wamatengo kwenye miteremko, ni nomino ya kawaida, hushuka. “Lake” ni sehemu ya jina, hivyo halishuki, ingawa “the lake” peke yake huandikwa kwa herufi ndogo. Ndivyo ilivyo kwa “Bay” katika Mbamba Bay: Kiswahili kimelichukua jina hilo zima, na wengi hawasikii tena humo neno la ghuba. Nyasa lenyewe huhusishwa na neno la Kiyao lenye maana ya ziwa, lakini asili hiyo hailiondolei hadhi ya jina. Programu za marejeleo zinazoshusha herufi zote kwa mkupuo huzalisha “matengo” na “mbamba bay”, na msomaji wa mbali hana namna ya kutambua kwamba la kwanza ni watu na la pili ni mji.

Jina la kitabu cha Kiswahili likitajwa katika matini ya Kiingereza hufuata desturi ya Kiswahili: katika Kisima cha Giningi, “cha” hubaki na herufi ndogo. Jina la kitabu huwekwa mlazo. La makala, katika MLA, hufungwa kwa alama za mtajo.