Fundi wa Kompyuta Aingie Wodini

Saa nane za usiku simu inalia katika kitengo cha TEHAMA cha chuo kikuu cha tiba. Anayepiga ni muuguzi wa zamu katika wodi ya wagonjwa wa figo. "Kaka, kompyuta imegoma," anasema. Sauti ya upande wa pili, yenye usingizi kidogo, inamjibu, "Pole, dada. Izime, hesabu mpaka kumi, kisha iwashe." Muuguzi anafanya hivyo, na kioo kinabaki vilevile. Fundi anaahidi kufika asubuhi, kwa maana katika orodha yake kompyuta ya wodini ni kompyuta moja tu, sawa na ile ya maktaba au ya ofisi ya mhasibu.

Hakuna mfanyakazi wa hospitali ya kufundishia ambaye hajawahi kuyasikia mazungumzo ya namna hii, na ni vigumu kumtaja mkosaji ndani yake. Hata hivyo, liko jambo ambalo halikusemwa. Muuguzi alikuwa akitafuta majibu ya potasiamu ya mgonjwa ambaye figo zake zimeacha kufanya kazi. Kwa mtu mzima mwenye afya, kiwango chake ni takriban milimoli 3.5 hadi 5.0 kwa lita. Kikizidi 6.5, moyo waweza kupoteza mwendo wake na kusimama pasipo kutoa onyo. Maabara imekwisha kupima na kuyaingiza majibu mfumoni, na sasa yamekwama hatua chache kutoka kitandani. Fundi hakujua kwa kuwa hakuambiwa, wala hakuwahi kufundishwa kuuliza. Muuguzi naye hakudhani kwamba habari za potasiamu zinamhusu fundi wa kompyuta.

Pengo hilo halizibwi kwa kununua mashine mpya. Linazibwa kwa mafunzo, na ndiyo sababu warsha za kuwaendeleza kitaaluma watumishi wa TEHAMA katika vyuo vya tiba zapaswa kuhesabiwa kuwa sehemu ya usalama wa mgonjwa, si anasa ya idara nyingine.

Warsha zenyewe si jambo geni. Aghalabu huitishwa pale mfumo mpya unaponunuliwa. Muuzaji humleta mkufunzi, washiriki huketi ukumbini siku mbili au tatu wakitazama maelezo ukutani, kisha hugawiwa vyeti na, ukweli usemwe, posho. Wanaporudi kazini wanajua kufungua akaunti, kuunganisha printa na kusoma ujumbe wa hitilafu. Elimu hiyo si ya kubezwa. Ila ni ileile ambayo angepewa fundi wa benki au wa kampuni ya bima. Chuo kikuu cha tiba kina hali yake ya pekee: mtandao unaobeba mihadhara ya wanafunzi na barua pepe za wahadhiri mara nyingi ndio huohuo, au ni ndugu wa karibu wa ule unaobeba picha za eksirei, majibu ya maabara na maagizo ya dawa. Mlango wa upande wa chuo ukiachwa wazi, upande wa wagonjwa nao umo hatarini.

Tukio la Düsseldorf, nchini Ujerumani, laonyesha jambo hilo waziwazi. Tarehe 10 Septemba 2020 mifumo ya hospitali ya chuo kikuu ya mji huo ilianza kuzimika. Wadukuzi walikuwa wamepenya na kuzifunga seva 30 kwa msimbo wa siri. Waliacha barua ya kutaka wasiliane nao, nayo haikuandikiwa hospitali bali Chuo Kikuu cha Heinrich Heine, ambacho hospitali hiyo ni mshirika wake. Walilenga chuo wakawapata wagonjwa. Polisi walipowafahamisha kwamba wameihatarisha hospitali, walitoa ufunguo wa kufungulia seva zile, kisha hawakupatikana tena. Lakini hospitali kubwa haiwashwi kama taa ya chumbani. Kwa karibu wiki mbili idara yake ya dharura haikuweza kupokea magari ya wagonjwa.

Katika siku hizo mwanamke mwenye umri wa miaka 78, aliyekuwa mahututi, alipelekwa Wuppertal, umbali wa kilomita 30 hivi. Matibabu yake yalichelewa kwa muda wa saa moja, naye akafariki. Habari hiyo ilienea duniani kote kama kifo cha kwanza kilichosababishwa na udukuzi. Waendesha mashtaka wa Cologne waliichunguza kwa miezi kadhaa, wakahitimisha kwamba haiwezi kuthibitishwa kuwa ucheleweshaji ndio uliomwua, kwani hali yake ilikuwa mbaya mno tangu mwanzo. Uadilifu wataka sehemu hii ya pili isimuliwe kila inaposimuliwa ile ya kwanza, nayo husahauliwa mara nyingi.

Kwa fundi, funzo lililo zito zaidi limo kwenye jambo ambalo magazeti hayakulitilia maanani. Wadukuzi walipitia udhaifu wa bidhaa ya Citrix, inayowawezesha watumishi kuingia mtandaoni wakiwa nje ya ofisi. Udhaifu huo ulitangazwa Desemba 2019, na kiraka cha kuuziba kikatolewa Januari 2020. Hospitali ilieleza kwamba ilikiweka bila kuchelewa. Mamlaka ya Ujerumani inayosimamia usalama wa mitandao ikaonya kwamba mfumo uliopenywa kabla ya kiraka waweza kubaki na mlango wa siri hata baada ya kiraka kuwekwa. Kwa maneno mengine, kufunga dirisha hakumtoi mwizi aliyekwisha kujificha chini ya kitanda. Fundi aliyefundishwa kuweka kiraka tu ameimaliza kazi yake. Yule aliyefundishwa kufikiri kama mganga atajiuliza pia kama maambukizi yalitangulia chanjo, na atayatafuta.

Uingereza ilipata adhabu ya kosa la kinyume chake. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilivuruga takriban theluthi moja ya taasisi za hospitali za umma za England, na maelfu ya miadi ya wagonjwa yakafutwa. Kiraka cha kukizuia kilikuwa kimetolewa miezi miwili kabla. Kompyuta nyingi hazikuwa zimekiweka.

Tena si lazima awepo adui. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike, ambayo kazi yake ni ulinzi wa kompyuta, ilisambaza sasisho lenye kasoro. Kompyuta zipatazo milioni 8.5 zilizimika ulimwenguni, zikiwemo za hospitali, na upasuaji usio wa dharura ukaahirishwa katika miji mingi. Dawa ya tatizo hilo ilijulikana baada ya saa chache tu, lakini kwa kompyuta nyingi haikuweza kutumwa kwa mtandao: ilibidi fundi aifikie kila moja, aketi mbele yake, afute faili moja na kuiwasha upya. Nyingi zilidai ufunguo mrefu wa tarakimu kabla ya kufunguka, na zipo taasisi ambazo funguo hizo zilihifadhiwa katika seva ambazo nazo zimezimika. Siku hiyo swali lilikuwa ni mikono mingapi inayojua la kufanya, na ianze na kompyuta ipi kati ya mamia.

Ianze na ipi? Hilo ndilo somo ambalo ukumbi wa muuzaji haulifundishi, ilhali hospitali inalo tayari. Idara ya dharura haimhudumii anayetangulia kufika, humhudumia aliye hatarini zaidi. Mizani ya Afrika Kusini, inayotumika katika nchi kadhaa za Afrika, huwapanga wagonjwa kwa rangi, kuanzia nyekundu kwa anayehitaji msaada papo hapo hadi kijani kwa anayeweza kusubiri. Hakuna kinachowazuia mafundi wa TEHAMA kuazima rangi hizo. Kompyuta ya benki ya damu, ya chumba cha upasuaji au ya wodi ya wagonjwa mahututi ni nyekundu hata kama aliyepiga simu ni mwanagenzi mwenye haya. Printa ya mkuu wa idara ni kijani, hata kama anayelalamika ni profesa mwenyewe. Kuutekeleza mpango huo bila hofu kwahitaji uongozi uutie sahihi, na wakuu wa idara wawemo ukumbini siku unapofundishwa.

Nusu ya warsha basi yafaa ifanyike kwa miguu. Fundi akikaa wodini asubuhi moja, kando ya muuguzi anayegawa dawa, huona mambo ambayo hayamo katika ramani yoyote ya mtandao. Si ajabu akute soketi iliyounganishwa na betri ya akiba inachemsha maji ya chai na kuchaji simu, huku kompyuta ya majibu ikiwa kwenye soketi ya kawaida. Katika nchi ambako umeme hukatika, zile sekunde chache kati ya kukatika na jenereta kuwaka zatosha kuifuta nusu ya maelezo ya mgonjwa. Ugunduzi wa namna hiyo haugharimu kitu zaidi ya kibandiko chenye maneno mawili: KOMPYUTA TU.

Kisha lipo zoezi la kuzima. Wodi moja, mchana, kwa taarifa na kwa ridhaa ya daktari kiongozi, hukaa saa moja kana kwamba mfumo haupo, nao ukiwa tayari kurudishwa wakati wowote. Mara moja maswali huibuka. Fomu za karatasi ziko wapi? Zile za mwisho zilinakiliwa lini, nazo zina nafasi ya mzio wa dawa? Maabara itampigia nani, kwa namba ipi? Nani anaruhusiwa kupokea majibu kwa simu, naye atayasoma tena kwa sauti ili yathibitishwe?

Hatari iliyo kubwa kuliko zote huja pale mfumo unaporejea. Mgonjwa amepewa sindano saa tisa, ikaandikwa kwenye karatasi. Saa kumi kioo kinawaka, nacho kinaonyesha kwamba sindano ya saa tisa haijatolewa. Muuguzi wa zamu mpya anakiamini kioo. Ajali ya dawa kutolewa mara mbili haitokani na uzembe. Imejengwa katika hali yenyewe, isipokuwa iwepo kanuni iliyokubaliwa kabla: nani anaingiza ya kwenye karatasi, kwa utaratibu gani, na ni nani anayetangaza kwamba kioo sasa kinaaminika. Kanuni hiyo haiwezi kuandikwa na fundi peke yake, wala na muuguzi peke yake.

Nakala rudufu zastahili neno fupi. Kanuni ya wataalamu ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na mojawapo iwe nje ya jengo. Ila nakala isiyowahi kurudishwa kwa majaribio ni tumaini tu. Warsha isiishe kabla ya kila mshiriki kurejesha kwa mikono yake rekodi za siku moja.

Afrika Mashariki si mgeni wa mafunzo ya pamoja. Mfumo wa DHIS2, unaokusanya takwimu za afya nchini Tanzania, Kenya na kwingineko, ulichipuka Afrika Kusini katika miaka ya 1990 na huendelezwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo. Katika mafunzo yake yanayorudiwarudiwa, maofisa wa takwimu za afya na mafundi wa mifumo huketi darasa moja. Kinachokosekana ni kuuteremsha mwenendo huo kutoka ngazi ya takwimu za taifa hadi kitandani pa mgonjwa.

Liko na suala la siri. Daktari na muuguzi hula kiapo. Fundi anayetengeneza mfumo huweza kuona majibu ya VVU ya jirani yake bila kuapa lolote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ile ya Kenya ya mwaka 2019 huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Somo la sheria hizi lisiwe la nusu saa ya mwisho, washiriki wakiwa wameshika mabegi.

Wakuu wengi husita kwa hoja ya kwamba fundi aliyefundishwa vizuri huchukuliwa na kampuni za simu. Hoja hiyo ina ukweli, na jibu lake limo katika muundo wa utumishi: fundi wa hospitali apandishwe cheo kwa ujuzi wa hospitali. Kumnyima mafunzo ili abaki ni kumwachia mgonjwa hatari ambayo mwajiri ameiogopa.

Watoa huduma wanao wajibu wao katika simu ile ya usiku. Kusema "imegoma" hakutoshi. Aelezwe fundi ni chumba gani, kompyuta ngapi zimeathirika, ni maneno gani yaliyo kwenye kioo, na mgonjwa anasubiri nini. Nenosiri asipewe mtu, hata anayejitambulisha kuwa fundi; fundi wa kweli halihitaji. Na fundi anapokawia, maabara ipigiwe simu pasipo kungoja.

Mgonjwa naye si mtazamaji. Anayetumia dawa kila siku atunze karatasi yenye majina ya dawa zake, vipimo vyake na dawa zinazomdhuru, kisha aitembeze pamoja na kadi ya kliniki. Akiambiwa dirishani kwamba "mtandao umekata", aitoe karatasi hiyo, na aombe majibu ya siku hiyo aandikiwe kwa mkono, yenye jina lake kamili, tarehe na sahihi ya aliyeyatoa.