Mvua, Umeme na Maji ya Ardhini katika Mgodi wa Konkola

Mgodi wa shaba wa Konkola, ulioko Chililabombwe nchini Zambia, karibu na mpaka wa Kongo, huhesabiwa miongoni mwa migodi yenye maji mengi zaidi duniani. Kila siku pampu zake huinua takribani mita za ujazo 300,000 za maji, ambayo mengi huishia katika mto Kafue.

Mvua za eneo hilo hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Hata hivyo, maji hupenya polepole katika nyufa za miamba ya dolomiti, hivyo kilele chake mgodini huweza kufika baada ya mbingu kutakata. Anayepunguza nafasi ya hifadhi mara tu mvua zinapokoma hujidanganya. Mabwawa ya chini ya ardhi hutuliza tope lisile pampu. Tena, umeme ukikatika, huwapa mafundi muda kabla pampu zenyewe hazijazama.

Ukame wa 2024 ulidhihirisha kinaya hiki: ziwa Kariba lilipopungua, umeme ulikuwa haba nchini, ilhali maji ya ardhini hayangoji mgawo. Kwa maoni yetu, ukubwa wa hifadhi upangwe kwa vipimo vya visima vya uchunguzi, wala si kwa kalenda ya mvua.