Ngozi Kavu na Namna ya Kuilainisha

1. Vitu vya ngozi mjini Kalemie

Mji wa Kalemie, ambao zamani uliitwa Albertville, umejengwa kando ya Ziwa Tanganyika, mahali mto Lukuga unapotoka ziwani kwenda magharibi. Mjini humo vitu vya ngozi hutumika kila siku: viatu, mishipi, mikoba ya shule, mifuko, mipira. Viatu vingi vinavyouzwa sokoni si vipya. Vimekwisha kuvaliwa na watu wa nchi nyingine, vikafungwa katika marobota, vikakaa siku nyingi bila kuguswa na mafuta wala burashi. Anayevinunua huviona vikavu kama gome la mti. Akivivaa siku mbili tatu, ngozi hupasuka pale inapokunjwa na vidole. Basi viatu vimekwisha, na fedha imepotea.

Lakini ngozi kavu si lazima iwe ngozi iliyokufa. Mara nyingi huweza kulainishwa tena, na kiatu cha kaka kikavaliwa na mdogo wake. Anayetaka kuifanya kazi hiyo lazima ajue kwanza ngozi ni kitu gani, na ni kitu gani kinachoiharibu.

2. Ngozi ni kitu gani?

Tazama ukingo wa ngozi iliyokatwa. Utaona nyuzi nyembamba sana, nyingi mno, zimesokotana huku na huku. Nyuzi hizo ndizo nguvu ya ngozi. Mnyama akiwa hai, nyuzi zake zimelowa maji na mafuta, nazo huteleza bila kukwaruzana. Ndiyo maana ng'ombe hukunja shingo yake kila siku na ngozi haipasuki.

Mnyama akichunwa, ngozi yake ikiachwa mbichi huoza. Ikianikwa tu, huwa ngumu kama ubao. Kwa hiyo watengeneza ngozi huiloweka katika maji ya magome ya miti yenye ukakasi, ule ukakasi unaokaza ulimi mtu anapotafuna ndizi mbichi. Ukakasi huo hushikamana na nyuzi, na ngozi haiozi tena. Watu wa pwani walitumia magome ya mikoko. Huko Njombe katika nchi ya Tanzania, na katika nyanda za juu za Kenya, ilipandwa miti iitwayo miwati, iliyotoka Australia, kwa ajili ya magome yake. Tangu mwisho wa karne ya 19 viwanda vilianza kutumia chumvi za madini yaitwayo kromi, na leo ngozi nyingi za viatu hutengenezwa hivyo. Ngozi ya magome huwa ya kahawia hata ndani. Ngozi ya kromi mara nyingi huonekana ya kijivu au buluu kidogo pale ilipokatwa.

Kisha mtengeneza ngozi huingiza mafuta kati ya nyuzi, badala ya yale ya mnyama yaliyokwisha kutoka. Mafuta hayo ndiyo yanayofanya kiatu kiwe laini. Yakiondoka, nyuzi hukwaruzana na kukatika moja moja. Kwa macho ufa huonekana kama umetokea siku moja, kumbe ulianza zamani.

3. Ni nini kinachoikausha?

Huko Kalemie kiangazi huanza yapata mwezi wa tano na kudumu hata mwezi wa tisa. Mvua hakuna, vumbi ni jingi, jua ni kali. Mkoba ulioachwa juani kila siku hutokwa na maji yake, kisha na ulaini wake. Vumbi nalo huingia katika mikunjo na kukata nyuzi kama msasa. Sabuni kali na mafuta ya taa huondoa mafuta yaliyomo ndani ya ngozi.

Lakini adui mkubwa ni moto, hasa wakati wa masika. Mtoto hurudi nyumbani viatu vimelowa matope, akaviweka karibu na jiko vikauke upesi. Labda amewaona wazee wakiota ngoma motoni ili ilie vizuri, naye hudhani ngozi zote ni sawa. Sivyo. Ngozi ya ngoma haikutiwa magome wala kromi, imekaushwa tu. Joto kidogo huikaza, na mpigaji hutaka ikazwe. Kiatu ni ngozi nyingine. Ngozi ya magome iliyolowa, ikipata joto la digrii kama 70 au 80, yaani kabla maji hayajachemka, huanza kujikunyata. Nyuzi zake huharibika kama nyama iliyochomwa. Ngozi ya kromi huvumilia joto zaidi, lakini nayo hukakamaa, na gundi yake huachia. Ngozi iliyojikunyata kwa moto hairudi tena, hata ipakwe mafuta ya namna gani.

4. Namna ya kuilainisha

Kwanza, hakikisha kwamba ni ngozi. Vitu vingi siku hizi hufanana na ngozi, navyo ni plastiki iliyobandikwa juu ya kitambaa. Tazama ukingo: ukiona kitambaa badala ya nyuzi zilizosokotana, usipoteze mafuta yako. Ngozi yenye manyoya mafupi kama mahameli isipakwe mafuta pia; husuguliwa kwa burashi tu.

Pili, usiikunje. Kijana akipata kiatu kikavu hupenda kukikunja aone kama kimekakamaa. Kwa kufanya hivyo huvunja nyuzi ambazo zingeweza kuponywa. Ile methali, «Samaki mkunje angali mbichi», yafaa hapa pia: ngozi hukunjwa baada ya kulainika, si kabla.

Tatu, isafishe. Toa kamba za viatu. Ondoa vumbi kwa burashi. Kisha pitisha kitambaa kilicholowa maji kidogo, na kama uchafu hautoki, tia sabuni kidogo ya kuogea. Usikitumbukize kiatu majini. Kama kuna ukungu mweupe wa masika, uondoe nje ya nyumba, upepo ukichukua vumbi lake mbali na pua.

Nne, ikaushe kivulini. Jaza karatasi ndani ya kiatu, karatasi zilowapo zibadilishe, na ngoja siku moja au mbili.

Tano, jaribu mafuta mahali pasipoonekana, kwa kuwa mafuta huweza kuitia ngozi weusi. Rangi ikibaki nzuri, endelea. Tia matone machache juu ya kitambaa safi, upake pote, utando mwembamba, ukisugua polepole. Mkono una joto la kutosha, moto hauhitajiki.

Sita, ngoja mpaka kesho. Hapo ndipo watu wengi wanaposhindwa. Kijana humwambia fundi sokoni: «Baba fundi, tia mafuta mengi, nataka kiwe laini leo leo.» Fundi mwenye akili humjibu: «Mwanangu, ngozi hainywi kama ng'ombe mtoni. Hunywa kidogo kidogo.» Mafuta huhitaji saa nyingi ili kufika katikati ya nyuzi. Kesho yake ikionekana kavu tena, paka mara ya pili. Siku ya tatu, labda mara ya tatu. Mafuta yakibaki juu bila kuingia, ngozi imeshiba. Yafute, usiongeze. Ngozi iliyolevywa mafuta hulegea kama kitambaa, mishono yake huachia, vumbi hunata, na dawa ya viatu haishiki tena.

Saba, sasa ikunje polepole kwa vidole, kidogo leo, zaidi kesho. Mwisho paka nta au dawa ya viatu, ngoja, kisha sugua kwa burashi mpaka ing'ae. Mafuta hulainisha; nta huyazuia mafuta yasitoke na maji yasiingie.

5. Mafuta gani yanafaa?

Huko Kalemie mafuta ya mawese yapo katika kila nyumba, na watu wengi huyapaka viatuni. Kwa chungu ni mazuri, kwa kiatu si mazuri. Huacha wekundu, hunuka baada ya muda, huganda, tena huita mende na panya. Mafuta ya gari yaliyotumika ni mabaya zaidi: hudhuru mwili wa mtu na huharibu mishono. Vazelini kidogo yafaa wakati wa shida, lakini ikizidi hunasa vumbi.

Mafuta yaliyo bora tangu zamani ni yale ya makongoro, yaani miguu ya ng'ombe. Miguu hiyo huchemshwa siku nzima katika maji, maji yakapoa, na mafuta yaliyoelea juu yakaenguliwa na kuchujwa. Kwa nini miguu, wala si tumbo? Kwa sababu miguu ya mnyama hupata baridi kuliko tumbo lake, na mafuta yake hayagandi upesi. Mafuta yasiyoganda huingia ndani ya ngozi; yanayoganda hukaa juu kama mshumaa.

Mafuta ya mbarika nayo hayakauki juu ya ngozi, na makabila mengi ya Afrika ya Mashariki yaliyatumia kulainisha mavazi yao ya ngozi. Lakini mbegu za mbarika zina sumu kali inayoweza kuua. Mtoto asizitafune kamwe.

Nta ya nyuki hutengenezwa hivi: sehemu moja ya nta safi na sehemu tatu za mafuta hutiwa katika kopo, na kopo huwekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto mpaka nta iyeyuke. Kopo lisiwekwe juu ya moto wenyewe, kwani nta hushika moto upesi. Kazi hiyo ni ya mtu mzima.

6. Ngozi isiyoponyeka

Mafuta hurudisha ulaini, hayarudishi nguvu. Uzi uliokatika umekatika. Ufa mdogo unaweza kujazwa nta usiingie maji, au fundi akashona kiraka juu yake. Lakini ufa haujifungi wenyewe kama kidonda cha mtu.

Tena kuna ngozi ambayo haifai kupakwa mafuta hata kidogo. Vitabu vya kale vyenye majalada ya ngozi, kama vile vilivyomo katika nyumba za misioni za zamani, huweza kupata ugonjwa wa kumomonyoka. Ukivishika, vidole hubaki na unga mwekundu. Unga huo ni nyuzi zilizoliwa na asidi. Zamani hata mafundi wa makumbusho makubwa walivipaka mafuta vitabu vya namna hiyo. British Museum ya London ilikuwa na dawa yake iliyojulikana sana, yenye mafuta ya sufi ya kondoo na nta ya nyuki. Baadaye wataalamu waliona kwamba mafuta hayakuponya ugonjwa ule; mara nyingi yaliacha majalada meusi yenye kunata, na wakaacha desturi hiyo. Kitabu cha namna hiyo hufungwa katika karatasi safi, kikawekwa mahali pakavu, kikafunguliwa kwa mikono safi. Hiyo ndiyo dawa yake.

7. Kutunza ni bora kuliko kuponya

Mwaka 2008 wachimbaji wa mambo ya kale walikuta kiatu cha ngozi katika pango moja nchini Armenia. Kilikuwa na umri wa miaka 5,500 hivi, hata hivyo kamba zake zilikuwa bado zimepita katika matundu yake. Ndani yake kulikuwa na majani makavu, labda yaliwekwa ili umbo lake lisiharibike. Kilidumu kwa sababu pango lile lilikuwa kavu na lenye ubaridi, na juu yake kulikuwa na tabaka la mavi ya kondoo lililoziba hewa na maji.

Hakuna mwanafunzi anayehitaji kiatu cha miaka 5,500. Lakini sababu zile zile humfaa: kivuli, mahali pakavu, umbo lililojazwa. Atakayefuta vumbi kila jioni, na kupaka mafuta kidogo mwanzoni mwa kiangazi na mwisho wake, hatahitaji kufanya kazi ya siku nne ya kukiponya kiatu. Wazee wamesema: «Usipoziba ufa, utajenga ukuta.» Kwa ngozi neno hilo ni kali zaidi, kwa kuwa ukuta hujengwa tena, bali uzi wa ngozi uliokatika haurudi.

Mambo ya kukumbuka

Ngozi iliyolowa hukaushwa kivulini, si motoni.
Ngozi kavu haikunjwi kabla ya kupakwa mafuta.
Mafuta hupakwa kidogo kidogo, kwa siku kadhaa.
Mafuta hurudisha ulaini, hayarudishi nguvu.

Maswali

1. Kwa nini ngozi ya ng'ombe aliye hai haipasuki?
2. Ukakasi wa magome hufanya kazi gani?
3. Kwa nini ngoma huotwa motoni, na kiatu hakiotwi?
4. Mafuta ya makongoro yanapita mafuta ya tumbo kwa sababu gani?
5. Tazama kitu kimoja cha ngozi nyumbani kwenu. Je, ni ngozi ya kweli? Ni kikavu? Kitahitaji nini?