Kitambi si cheti cha maisha mazuri



Kwetu huku mtu akinona tunamupongeza: "Ah papa, maisha inakuitika!" Baba yangu mukubwa alipongezwa hivyo miaka mingi. Kisha kidonda kidogo cha mguu kikakataa kupona. Walipomupima, sukari juu, tansio juu, vyote siku moja. Jamaa wakaanza kutafuta nani amemuroga. Mimi nilisoma kilimo, siko munganga, lakini nilienda kusoma mambo haya, na hii ndiyo nilielewa.

Mafuta ya ndani ya tumbo, yale yanazunguka maini na matumbo, si mzigo tu. Yanafanya mwili usisikie insulini. Insulini ni kama ufunguo: inafungulia sukari ya damu mlango wa kuingia katika misuli. Kufuli ikigoma, kongosho inatoa insulini zaidi na zaidi, mpaka inachoka. Sukari inabaki ndani ya damu. Wakati uleule, insulini nyingi inaambia figo zishike chumvi. Chumvi inashika maji, mishipa inajaa, tansio inapanda. Ni mti mumoja, matawi mawili. Na mtu anaweza kukaa miaka bila kusikia maumivu yoyote.

Basi tupime. Tansio ikirudia kufika 140/90, ni ya juu. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika miligramu 126 kwa desilita, na kipimo cha pili kikakubali, ni diabeti. Mtu mwembamba pia anaweza kuipata, asijidanganye.

Bukari si adui. Babu zetu waliikula, lakini walilima na kutembea. Sisi tunakula bukari kama mlima, samaki ya chumvi, tunashushia sukre, halafu motari anatufikisha mpaka mlangoni. Tugeuze sahani: nusu iwe lengalenga ao matembele, maharagi yapate nafasi, bukari ipungue. Chumvi ya siku nzima isipite gramu 5, ni kijiko kidogo kimoja.

Inasaidia kweli? Utafiti wa Marekani wa 2002 ulichukua watu waliokaribia kupata diabeti. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa juma, hatari yao ilishuka kwa asilimia 58.

Baba mukubwa walimukata vidole viwili. Hakuna aliyemuroga. Juma hili, peleka mama na papa wapimwe. Na wewe pia.