Michezo: Waingereza walioacha kabumbu na kulipwa kwa kupiga mpira juu ya goli

Katika kabumbu, mchezaji anayepaisha mpira juu ya goli huzomewa. Katika futiboli ya Kimarekani, anayeupitisha juu ya mwamba, katikati ya nguzo mbili, huipatia timu yake pointi 3.

Tofauti hiyo ndiyo iliyompa kazi mpya Bobby Howfield, mshambuliaji Mwingereza aliyewahi kuchezea Watford na Fulham. Mwaka 1968, akiwa na miaka 31, umri ambao washambuliaji wengi huanza kufikiria kustaafu, alijiunga na Denver Broncos huko Marekani. Kazi yake ilikuwa moja tu: kupiga mpira ulioshikiliwa chini na mwenzake. Mwaka 1972, akiwa New York Jets, alifunga pointi 121.

Clive Allen, aliyefungia Tottenham mabao 49 msimu wa 1986-1987, naye alifuata njia hiyo mwaka 1997 katika timu ya London Monarchs, baada ya kuacha kabumbu.

Hata hivyo, kazi hiyo haina huruma. Mpigaji hukaa pembeni karibu mchezo wote, kisha huitwa kwa sekunde chache tu. Akikosa, hana wa kumsukumia lawama.