Ami Alijua Maji Kuliko Saa

Marehemu ami yangu, Mola amrehemu, hakuwahi kuvaa saa mkononi. Ukimuuliza ni saa ngapi, alikujibu kwa maji: "Yashaanza kutoka," au "Ngoja yajae kwanza." Sisi watoto wa Mji wa Kale, Mombasa, tulikuwa tukimcheka. Hatukujua kwamba mzee huyo alikuwa na elimu yake.

Nilipotimu miaka kumi alianza kunipakia mtumbwini, tukavua katika mkono wa bahari upande wa Tudor. Ndipo aliponisomesha kwamba mwezi unapoandama, na unapotimia, huwa ni bamvua: maji hujaa sana, kisha hupwa mbali. Mwezi unapokuwa nusu, ni maji mafu. Tena kila siku maji huchelewa kiasi cha dakika 50 kuliko jana. Hesabu hiyo yote ami aliifanya kichwani, naye hakusoma ila chuoni.

Dema lake alilisuka mwenyewe, mdomo ukipungua kuelekea ndani, hata samaki akiisha kuingia haoni njia ya kutokea. Alilitega penye nyasi za bahari, akiwataraji tafi na changu. Samaki wadogo aliwarejesha majini akisema, "Hawa ni wa mwaka ujao." Fungu la kwanza lilikwenda kwa mama mmoja mjane, jirani yetu; la nyumbani lilifuata.

Uzee ulipomfika, macho yake yalipungua nuru. Sisi vijana tukafanya shauri, tukauza mtumbwi wake, tukidhani tunamhifadhi. Hakutulaumu. Alisema tu, "Mmefanya vyema, wanangu." Lakini tangu siku ile alikuwa akishinda barazani, uso ameuelekeza baharini, na chakula akikionja tu. Ukimjulia hali, hujibu, "Alhamdulillahi." Hakumaliza mwaka.

Siku za mja zimekwisha andikwa, wala sisemi kwamba kuuzwa kwa mtumbwi ndiko kulikomwua. Walakini hadi leo najilaumu. Mmoja wetu angeweza kupiga kasia, naye mzee akashika mshipi wake. Ewe msomaji mwenye mzee nyumbani, kabla hujamwondolea kitu kwa kumhurumia, muulize kwanza.

Mimi saa ninayo mkononi. Lakini kila ikifika bamvua hushuka pwani, nikayatazama maji yakitoka, nikamsomea ami Fatiha.